Muuza Siri Hulipwa Kabla Farasi Hajakimbia

Wengi wa watu niliowakatia tikiti za mbio za farasi hapa Lubumbashi hawajawahi kumgusa farasi. Farasi wao walikuwa ndani ya televisheni iliyotundikwa juu ya kaunta yangu, katika chumba kimoja cha kubeti kwenye komini ya Kenya: farasi sita waliochorwa na kompyuta, wenye namba mgongoni, mbio moja ikiisha nyingine inaanza baada ya dakika chache, tangu asubuhi tunapofungua mpaka usiku tunapofunga. Nilikaa nyuma ya kile kioo miaka kadhaa nikiwa kesia. Jumamosi na Jumapili watu walifuata mpira. Siku za kazi, pesa za mtaa ziliishia kwa farasi na mbwa wa kompyuta. Na kila mbio zilipokuwa zikikimbizwa, palikuwa na mtu pembeni akiuza siri ya mshindi.

Huku kwetu siri hiyo tunaiita pronostiki. Muuzaji haingii kwa kelele. Anasimama karibu na mlango, ana daftari la shule na kalamu, anamwangalia mtu aliyekwisha kupoteza mara mbili tatu, kisha anamsogelea na kumwambia polepole: "Papa, wewe unacheza ovyo. Mimi niko na farasi." Kikaratasi kimoja kilikuwa faranga elfu mbili. Aliyetaka siri za wiki nzima aliingizwa kwenye kundi la simu, na huko bei ilikuwa ya dola.

Inabidi nieleze kwanza mbio hizo zinavyofanyika, maana watu wengi waliokuwa wakicheza mbele yangu hawakuelezwa na yeyote. Farasi wa kompyuta hashindi kwa miguu. Programu inachagua mshindi kwa bahati nasibu, ikizingatia nafasi ya kushinda iliyompa kila farasi, halafu picha za mbio zinaonyeshwa kufuata matokeo hayo. Hakuna mpanda farasi aliyeamka na homa. Hakuna uwanja uliolowa mvua, wala mfugaji aliyemnong'oneza shemeji yake. Hakuna kitu cha kujua, kwa hiyo hakuna anayejua. Hata sisi tuliokaa kaunta tulikuwa tunaona matokeo pamoja na wateja.

Lakini yule muuzaji mkuu wa pale kwetu, ambaye vijana walimwita Profesa, alikuwa na maelezo. Daftari lake lilijaa safu za namba, mbio zote za juzi na jana, zimeandikwa kwa mkono mzuri kabisa. Alisema mashine iko Ulaya na ina mzunguko wake. Namba 5 ikishinda mara mbili mfululizo, namba 2 iko njiani. Uongo huu una nguvu kwa sababu unaegemea imani ambayo mtu anakuja nayo tayari kutoka nyumbani, kwamba kila kitu kina zamu yake. Nimesikia wazee wenye akili timamu wakisema, "Namba 3 haijatoka tangu asubuhi, sasa lazima itoke." Mashine haikumbuki asubuhi. Kila mbio inaanza upya, na namba 3 ina nafasi ileile iliyokuwa nayo mbio iliyopita, hata kama imekosa mara 20.

Kilichonifumbua macho kuhusu Profesa ni vikaratasi vyake. Mteja aliyenunua alikuja nacho mpaka kwenye kioo, akakisukuma kwangu pamoja na pesa ili nisikosee namba. Mwandiko ulikuwa mmoja. Mbio ilikuwa moja. Na namba zilikuwa tofauti. Huyu ana 2, anayemfuata ana 4, kijana wa tatu ana 6, mama wa matembele amepewa 1. Profesa alikuwa amesimama mlangoni ametulia, na alikuwa na haki ya kutulia, kwa sababu mmoja wa wateja wake lazima angeshinda. Hao wengine hawakujuana. Kila mmoja alikuwa ameambiwa asionyeshe karatasi, kwamba siri ikitoka farasi anaharibika.

Halafu angalia kinachotokea baada ya mbio. Mwenye 4 ameshinda: anaruka, anapiga kelele, anamkumbatia Profesa mbele ya watu wote, anamwongezea elfu moja ya shukrani. Wale watano waliopoteza wanafanya nini? Wananyamaza. Mtu aliyepoteza pesa kwa kuamini karatasi hapendi kusimama katikati ya chumba na kusema ameamini karatasi. Anajiambia labda alichelewa kuweka, labda alisoma vibaya, labda bahati yake ina mkosi. Kwa hiyo chumba kizima kinasikia sauti moja tu, ya aliyeshinda. Nimeliona jambo hili likijirudia mpaka nikaacha kushangaa, lakini sikuacha kuumia, maana ile furaha ya mshindi ilikuwa ya kweli, na ndiyo iliyowatafuna waliokuwa wakiiangalia.

Ukiwa na simu huhitaji hata kusimama mlangoni. Chukua hesabu hii, nimeifanya mara nyingi kwa vijana nyuma ya risiti. Mtu ana namba za simu 7,776. Anazigawa mafungu sita, kila fungu analitumia farasi wake, bure, bila kuomba hata faranga. Mbio ya kwanza ikiisha, watu 1,296 wamepata siri ya kweli. Wale wengine anawaacha. Mbio ya pili wanabaki 216. Ya tatu 36. Ya nne 6. Ya tano anabaki mtu mmoja ambaye ameletewa washindi watano mfululizo na mtu asiyemfahamu, bila kutoa chochote. Jiweke mahali pa huyo mtu. Anapoambiwa siri ya sita ni dola 50, atakopa. Ataapa kwa mama yake kwamba jamaa anajua, na hatakuwa anadanganya, ndivyo alivyoona kwa macho yake. Kwa mpira, ambako kuna kushinda, kutoka sare na kushindwa, kazi ni nyepesi zaidi: namba 243 zinatosha kumpata mtu mmoja wa mechi tano.

Baba mkubwa wangu, aliyekuwa fundi wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, na aliyepelekwa Ufaransa kwa mafunzo miaka ya 1970, hakushangaa nilipomsimulia. Alisema huko aliwahi kwenda Vincennes, kwenye mbio za farasi wa kweli wanaovuta vigari, na aliwaona watu hao hao, wenye makoti mazuri zaidi. Jumapili Wafaransa walikuwa wakicheza tiercé, mchezo ulioanzishwa na André Carrus mwaka 1954, wa kutaja farasi watatu wa kwanza, na kila mwenye baa alikuwa na mjomba aliyejua siri. Magazeti yenyewe yanachapisha pronostiki mpaka leo. Baba mkubwa aliniambia jambo moja ambalo lilinichukua muda kulielewa: kule, farasi wa kweli anaweza kuwa na siri ya kweli, na bado siri hiyo haifai kuuzwa.

Sababu iko kwenye namna pesa zinavyogawanywa. Mtindo wa Ufaransa, ambao Joseph Oller aliuanzisha Paris katika miaka ya 1860, unaweka pesa za wachezaji wote kwenye chungu kimoja. Mwenye mchezo anakata sehemu yake, kinachobaki wanagawana waliomtaja mshindi. Sema chungu kimefika faranga 1,000,000 na imekatwa 200,000. Waliomtaja mshindi wakiwa watu 100 waliocheza sawasawa, kila mmoja anaondoka na 8,000. Wakiwa 400, kila mmoja anapata 2,000. Kila mtu unayempa siri anakuja kula kwenye sahani yako. Na mahali ambapo bei ya farasi, yaani pesa utakayolipwa kwa kila faranga moja akishinda, imepangwa na mwenye duka, kama kwetu, pesa zikimiminika kwa farasi mmoja wa kweli, mwenye duka anaishusha bei hiyo mara moja. Mtu mwenye siri halisi ana kila sababu ya kufunga mdomo. Anayezunguka na siri akitafuta wa kumuuzia anaonyesha kwamba anaiona elfu mbili yako kuwa na thamani kuliko farasi wake.

Watu waliopata pesa kwa farasi wapo, sitasema hawapo. Bill Benter, Mmarekani, alikwenda Hong Kong katikati ya miaka ya 1980 pamoja na Alan Woods wa Australia, wakajenga programu ya kupima kila farasi kwa mambo mengi: mbio zake zilizopita, uzito aliobeba, mpanda farasi, umbali. Miaka ya mwanzo walihangaika. Baadaye Benter akawa tajiri mkubwa. Mwaka 1994 aliandika makala ya kitaalamu akieleza njia yake, baada ya kuwa ameishavuna. Katika miaka ya kuvuna hakusimama mlangoni mwa uwanja wa Happy Valley akiuza karatasi. Vijana wa kwetu wanapoonyeshwa picha ya mtu kama huyo na kuambiwa "mwalimu wangu ndiye huyu," ningependa wajiulize kwa nini mwanafunzi wake anahitaji elfu mbili.

Nilisoma pia habari za muuza siri maarufu kuliko wote, na habari zake zimenigusa kwa namna nyingine. Alijiita Ras Prince Monolulu. Kwenye viwanja vya mbio vya Uingereza, Epsom na Ascot, alionekana miaka na miaka amevaa manyoya ya mbuni kichwani na mavazi ya rangi, akipaza sauti kwamba ana farasi, akiuza jina la mshindi ndani ya bahasha. Alisema yeye ni mkuu wa kabila kutoka Ethiopia. Jina lake halisi lilikuwa Peter Carl Mackay, mzaliwa wa St. Croix, kisiwa cha Karibi kilichokuwa chini ya Denmark wakati huo. Mwaka 1920 alimtaja Spion Kop kwenye mbio za Derby, farasi ambaye wachache walimwamini, akalipa mia kwa sita, yaani faida ya paundi mia kwa kila paundi sita zilizowekwa. Inasimuliwa kwamba Monolulu mwenyewe alipata paundi 8,000 siku hiyo, utajiri kwa wakati ule. Spion Kop alishinda kweli, hilo liko kwenye kumbukumbu. Monolulu alifariki mwaka 1965, na mpaka mwisho watu walimtambulisha kwa farasi yule mmoja. Mwaka 1920 mpaka 1965! Bahasha zote nyingine alizouza katikati hakuna anayezitaja.

Ninapomfikiria, sioni mhalifu tu. Naona mtu mweusi katika nchi ambayo haikuwa na kazi nyingi kwa ajili yake, aliyegundua kwamba Waingereza wangemlipa mwana wa mfalme wa Afrika pesa ambazo wasingemlipa mtoto wa kisiwani. Profesa wetu naye nilimfahamu nyumbani kwao. Baba yake alikuwa miongoni mwa wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliotolewa Gécamines kuanzia mwaka 2003 kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Wanaokaa Lubumbashi wanajua mpango ule ulivyoacha nyumba nyingi: karo ya shule haipo, baba amekaa uani, watoto wanajitafutia. Mtoto aliyejua hesabu vile, mwenye mwandiko ule, angekuwa leo anashika vitabu vya kampuni. Nasema haya kwa sababu nimesikia watu wakitaka wauza siri wapigwe. Kuwapiga hakurudishi pesa ya mtu. Lakini pia sikubali kwamba njaa yao iwe ruhusa, kwa kuwa aliyekuwa akilipa ni mwenye njaa mwenzao.

Alikuwepo mama mmoja wa Katuba, muuza makala, yaani mkaa. Mwanawe wa pili alikuwa mteja wetu wa kila siku. Wenzake wa likelemba, kile chama cha kuchangiana pesa kwa zamu, walikuwa wamemkabidhi zamu yake mama huyu, pesa za kununua mzigo wa makala na kulipa nyumba, naye akaziweka chini ya godoro usiku mmoja tu. Kijana alizichukua. Nusu alilipa kuingia kwenye kundi la siri za farasi, nusu akaiweka kwenye farasi hao. Siku ya pili asubuhi, kabla hatujawasha televisheni, mama alikuwa mlangoni. Hakuja kupigana. Alikuwa amefunga kitenge chake vizuri, ana karatasi ya mwanawe mkononi, akaniuliza kwa heshima: "Mwana, ile farasi inaikalaka wapi?"

Alitaka kwenda kwa mwenye farasi. Alifikiri kuna mtu, mahali fulani, pengine upande wa Golf kwa matajiri, mwenye zizi, na kwamba akimweleza kwa utulivu mtu huyo atamrudishia hata kidogo. Ilinibidi nimweleze kwamba hakuna zizi. Nilimwashia televisheni, nikamwonyesha farasi wale. Aliangalia mbio moja mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na huyu aliyemuuzia mwanangu, yeye aliiona wapi?" Sikuwahi kusikia mtu yeyote, hata wale waliosoma chuo kikuu Kasapa, akiuliza swali zuri kuliko hilo. Bosi wetu alisema duka halihusiki na kinachouzwa nje ya kaunta. Mama alirudi Katuba kwa miguu, na likelemba ile ilivunjika mwaka huo.

Baada ya siku ile nilimwomba bosi tubandike tangazo ukutani, maneno machache tu: mshindi wa mbio hizi anachaguliwa na kompyuta, hakuna anayeweza kumjua. Alikataa. Kwa hiyo nilianza kusema kwa mdomo, kwa kila aliyenisukumia karatasi yenye mwandiko ule. Wengine walinuna. Wengine waliomba niwaonyeshe, na nilikuwa nikiwaonyesha bei zenyewe, kwa sababu bei zilizoandikwa ubaoni zinasema kila kitu. Chukua mbio yenye farasi wa bei hizi: 3.20, 4.50, 5.00, 6.00, 8.00 na 10.00. Sasa jaribu kuwachezea wote sita ili upate faranga 10,000 yeyote atakayeshinda. Utalipa 3,125 kwa wa kwanza, kisha 2,222, 2,000, 1,667, 1,250 na 1,000. Jumla ni 11,264. Umelipa elfu kumi na moja na zaidi ili urudishiwe elfu kumi, na hujakosea farasi hata mmoja! Hiyo 1,264 ni ya duka, mbio baada ya mbio, mchana kutwa. Pronostiki haigusi hesabu hiyo. Inaongeza tu mtu wa pili anayekata kabla yako.

Kwenye mpira mambo ni yaleyale ila yamevaa nguo nzuri zaidi. Siri ya mpira inakuja kama tikiti ya mechi kumi, yenye malipo ya kutia kizunguzungu. Hata kama muuzaji angekuwa mtaalamu wa kweli na kila mechi ina nafasi 70 kwa 100 ya kutokea, zote kumi kutokea pamoja ni chini ya mara tatu katika tikiti mia. Halafu kuna wale wanaouza matokeo kamili, magoli mawili kwa moja, wakidai mechi imepangwa na wao wana mtu ndani. Mechi za kupangwa zimewahi kuwepo duniani na watu wamefungwa kwa ajili yake, ndiyo maana uongo huu unaaminika. Ila anayepanga mechi anahatarisha jela. Hawezi kutangaza matokeo kwenye kundi lenye watu elfu.

Sisi watu wa Lubumbashi tulipaswa kuwa wa mwisho duniani kuamini kwamba kuna ajuaye. Desemba 2010, Mazembe, timu yetu ya mpira, ilipoingia nusu fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu kule Abu Dhabi dhidi ya Internacional ya Brazil, ni nani aliyeuza siri kwamba Kabangu na Kaluyituka watafunga, kipa Kidiaba acheze kwa makalio golini, na timu ya Afrika ifike fainali kwa mara ya kwanza? Mji mzima ulitoka nje usiku ule. Tulilia barabarani kwa sababu hakuna aliyejua. Mchezo wenye mshindi anayejulikana usingemtoa mtu machozi.

Jambo jingine nililiona likikua nikiwa bado kaunta, nalo sasa limekuwa kubwa kuliko vikaratasi. Muuza siri anaanza kutoa siri bure. Hakuombi kitu, anakwambia tu ufungue akaunti kwenye kampuni fulani ya mtandaoni kwa kutumia kodi yake, yaani zile herufi na namba zinazoonyesha kwamba yeye ndiye aliyekuleta. Kuna mikataba ya namna hiyo ambamo anayeleta wachezaji analipwa sehemu ya kile wanachopoteza. Elewa maana yake: mtu anayekutumia farasi au timu za leo anapata mgao ukipoteza, na ukishinda hapati. Sijui mshauri mwingine yeyote, wala wakili wala daktari, ambaye tungemkubali kwa masharti hayo. Ukiona tikiti zake zinazidi kuwa ndefu, mechi 15, mechi 20, usidhani ni ujasiri.

Na zile picha za tikiti zilizoshinda wanazotuma? Nimekata tikiti maelfu, najua zinavyofanana. Niliwahi kuonyeshwa picha ya tikiti "ya duka letu" yenye malipo ambayo duka letu halikuwahi kulipa tangu lifunguliwe. Mfumo wa kompyuta ungenionyesha. Kubadili namba kwenye picha ni kazi ya dakika mbili kwa kijana mwenye simu. Na kwenye makundi yale, ujumbe wa siri iliyokosa hufutwa kabla ya alfajiri. Unaoamka asubuhi ukiusoma ni wa ushindi mtupu.

Dogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alikuwa mmoja wa waliolipa kila mwezi. Sikumhubiria, maana kijana ukimhubiria anakwenda kulipia chumbani. Nilimpa daftari na kumwomba kitu kimoja: siri ikifika, aiandike palepale na saa, kabla mbio au mechi haijaanza, pamoja na bei na pesa ambayo angeweka. Asicheze, aandike tu. Mwezi mmoja. Alifanya hivyo kwa bidii kubwa kwa sababu alitaka kunithibitishia. Daftari lilipojaa alikaa nalo uani, akajumlisha mwenyewe, akaja akaniambia, "Yaya," yaani dada, "hata kama siri zingekuwa za bure ningekuwa na deni." Mpaka leo anaweka elfu moja Mazembe ikicheza na Lupopo, timu nyingine ya mji wetu, kwa mapenzi yake, na mimi sina neno juu ya hilo. Siri hanunui.

Niliacha ile kazi. Sasa nina kabine yangu, kibanda cha simu, kule Kampemba, nauza mega za intaneti na kutuma pesa kwa M-Pesa na Airtel Money. Vijana wanakuja kila siku: "Tantine, nitumie dola tano kwa namba hii." Namba za wauza siri nimezizoea. Nikiitambua namba, ninamwomba kijana jambo moja kabla sijabonyeza: ampigie huyo mtu, amwambie atamlipa mara mbili, dola kumi badala ya tano, ila baada ya mbio kuisha. Mwenye farasi wa kweli angefurahi. Wanapiga palepale mbele yangu, spika ikiwa wazi. Mpaka sasa sijasikia hata mmoja akikubali. Mmoja alisema pesa ni ya kumfungulia mlango babu wa kijiji. Mwingine alisema kampuni hairuhusu. Wengi wanakata simu tu.

Baadhi ya vijana wanaweka pesa mfukoni na kuondoka. Wengine wanasema, "Tantine, tuma tu." Pesa ni yao, natuma. Lakini namba ile naiwekea alama kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari langu, bila jina la aliyetuma, na akija mwingine kesho na namba hiyohiyo namfungulia ukurasa ule ahesabu mwenyewe alama ni ngapi.